Kipa wa Chachandu Hasafirishwi

Kwanza niseme hili mapema, ili mtu asije akasoma huku anatafuta leso: sikufa. Nipo Doha, Fereej Bin Mahmoud, ghorofa ya tatu, dirisha linatazama mgahawa wa chapati, na mezani nina uji wa pilipili manga nilioukoroga kwa mkono wa kushoto, mkono ambao niliambiwa nisiutumainie sana. Wenzangu ninaokaa nao kwenye viti vya kliniki ndio walioniomba niandike nilivyopita. Kila anayekaa karibu yangu swali lake ni moja, kama inauma. Inauma. Haya, tuendelee.

Mie naitwa Mwanahawa, mzaliwa wa Pongwe, Tanga. Kazi yangu ni londri ya hoteli moja West Bay, mashuka na taulo, taulo na mashuka. Na kwa msimu mmoja nilikuwa kipa wa timu ya wanawake ya mpira wa ndani iliyoitwa Chachandu. Timu yenyewe haikumaliza mwaka. Haikuacha kombe, haikuacha hata bango. Ila usiidharau, maana nikiitoa timu hii kwenye maradhi yangu sina cha kusimulia, na pengine hata msimuliaji asingekuwepo.

Aliyeianzisha ni Atieno, Mkenya wa Kisumu, mwenzangu wa chumba, askari wa mlangoni kwenye jengo moja refu huko huko West Bay. Atieno ni mtu wa kupanga. Akienda dukani ana orodha, akienda kanisani ana orodha, akigombana na mtu anakuja na orodha ya makosa yako moja baada ya jingine. Alisikia kuna ligi ndogo ya wanawake, Ijumaa alasiri, kwenye ukumbi wa michezo kule Al Thumama, watano kwa watano, chini ya kiyoyozi, kwa sababu jua la huku halina adabu. Akazunguka akakusanya watu. Wawili aliwatoa hotelini kwetu, watatu ni askari wenzake, na Nakato, Mganda anayelea watoto kwenye nyumba ya watu, ambaye Ijumaa ndiyo siku yake pekee ya kupumua. Pamoja na yeye Atieno na mie, tukawa nane. Nikamwambia mpira nilicheza shuleni tu, tena niliwekwa golini kwa sababu ya upana wa mwili. Akasema basi golini ndiko anakonihitaji.

Jina nililitoa mie. Wakenya hawakujua chachandu, ile rojo yetu ya pilipili, ni kitu gani, nikawapikia nikawaonjesha kwa mihogo, wakalia machozi, jina likapita bila kupigiwa kura.

Sasa kuna sheria moja lazima uijue. Kwenye ligi ile kila timu iliandikisha wachezaji wasiopungua wanane, na orodha ikishafungwa hakuna kuongeza. Tena kabla ya kila mechi wote wanane wanasimama mstari mmoja, kitambulisho mkononi, refa wa mezani anaita majina, nawe unaitika. Mwanzoni timu zilikuwa zinaazimana wachezaji kama masufuria ya shughuli, ndiyo maana wakaweka ukali huo. Jina moja likikosa kuitika, mechi mmeshafungwa kabla ya filimbi. Likikosa mara mbili, timu inafutwa. Na sisi hatukuwa na jina la tisa. Asiyekuwepo na lake halipo, wanasema watu wa kwetu, lakini pale asiyekuwepo alikuwa anaondoka na ya wenzake saba.

Tulianza jua lilipoanza kulegea. Tulifungwa ya kwanza, tukafungwa ya pili. Kwenye ya tatu mtoto mmoja wa timu pinzani, mguu kama nyundo, alipiga shuti la karibu likanipata titi la kushoto. Mpira ule wa ndani ni mdogo lakini mzito. Nikakaa chini. Nilipofika nyumbani nikapakanda kwa maji ya moto, na vidole vikakutana na kitu kigumu, chini kabisa, ambacho hakikuwa uvimbe wa siku moja.

Nilikaa nacho wiki tatu bila kumwambia mtu. Ujinga wangu ule ndio ninaotaka usiuige, hata kama hutaiga kingine chochote. Nilijiambia kitakwenda. Nilijiambia nina kazi. Atieno ndiye aliyeniona naangalia kifua kwenye kioo, akaniuliza mara moja tu, akachukua simu akapanga miadi. Nilimtukana. Kesho yake nikaenda.

Juu ya chumba cha kungojea ningeweza kuandika kitabu kizima. Viti vya bluu vimefungwa pamoja vinne vinne, mmoja akitikisa mguu wote mnatikisika. Unashika kikaratasi cha namba. Namba haiendi. Mbele kuna runinga isiyo na sauti inaonyesha watu wanapika. Unapigwa picha, unachomwa sindano ya kutoa kinyama, unaambiwa urudi, unarudi, unaambiwa ukae. Siku ya jibu daktari, mwanamke Mwarabu mwenye sauti ya chini, alisogeza kiti chake upande wangu wa meza badala ya kubaki upande wake, nikajua. Aliponiambia, nilimuuliza kitu kimoja: ni mpira? Akasema hapana, mpira hauleti. Nikamshukuru, maana nilijua nani nitakwenda kugombana naye juu ya jambo hilo.

Na kweli. Kaka yangu Rajabu, huko Pongwe, nilipompigia, kabla hajalia alisema, "Si nilikwambia mpira si kazi ya mwanamke." Nikamwambia mpira haukuniletea, mpira ulinionyesha, bila lile shuti ningekaa nacho mpaka kiniite kwa jina. Hakusikia. Kwake yeye ilikuwa imeshapita hukumu, na hukumu yenyewe ni kwamba nirudi nyumbani. Mume sina, tuliachana zamani, kwa hiyo kaka alijihesabu ndiye mwenye kauli. Mama alichukua simu akalia tu. Nilikata nikiwa na hasira na wote wawili, nao wananipenda, na hilo ndilo baya lake.

Nirudi. Neno hilo lilinifuata miezi. Kwetu pia kuna matibabu, sisemi hakuna, lakini mie huku nilikuwa nimeshapangiwa: dozi sita za kemo, dripu za saratani, kila baada ya wiki tatu, halafu upasuaji, halafu miale ya mionzi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Na kuna sababu nyingine, ambayo sikuisema wakati ule kwa sababu ilinitia aibu. Niliwajua watu waliorudishwa. Ukirudishwa unatandikiwa kitanda sebuleni, watu wanapita kukuangalia, wanasema pole kwa sauti ya chini, wanakaa. Hakuna anayesema wanangoja nini. Mie sikutaka kungojewa.

Kwa hiyo niliposakamwa, nilijificha nyuma ya timu. Kila aliyeniambia nirudi nilimjibu: siwezi, nimeandikwa. Nikirudi wanabaki saba, timu inakufa. Ilikuwa kweli, na ilikuwa kisingizio, vyote pamoja.

Dozi ya kwanza niliipata wakati wa baridi, Jumatatu. Dripu ya kwanza nyekundu kama sharubati, ukienda haja inatoka nyekundu vilevile, usiogope, mie nimeshaogopa kwa niaba ya wote. Kitanda cha jirani alikuwa mama mmoja wa Kisudani tuliyemwita Hajja, amebakiza dozi mbili. Alinipa kipande cha barafu nikimumunye dripu ikiwa inaingia, akanionyesha kwa ishara kwamba mdomo hautachubuka. Haukuchubuka. Kiarabu changu ni cha londri, najua kusema shuka na leo na khalas, yaani basi, lakini tulielewana mchana kutwa.

Nywele zilitoka wiki ya tatu. Hazikudondoka kwa huzuni kama watu wanavyosimulia. Nilivua mtandio zikabaki ndani ya mtandio. Kucha zikawa nyeusi. Maji yakawa na ladha ya misumari. Sabuni ya londri, ambayo nimeishi nayo miaka sita bila kuinusa, ikawa inanitapisha nikiwa bado mlangoni. Supavaiza wangu, ambaye hajawahi kucheka tangu nimjue, alinihamisha chumba cha kukunja foronya ambako hakuna harufu, hakusema neno, akaenda zake. Niliziombea dua foronya zile.

Na kila Ijumaa, Al Thumama. Sikucheza tena, Atieno aliingia golini badala yangu, akawa wazi kama mlango wa msikiti, kila mtu anapita. Kazi yangu ilikuwa kuitika. Nilivaa jezi yangu namba moja juu ya sweta, kofia ya sufu, barakoa, nikasimama wa mwisho kwenye mstari. Refa wa mezani, Mhindi mmoja mzee mpole, alikuwa anasoma jina langu taratibu kama anakanyaga mayai. Nami naitika: "Nipo." Baada ya hapo nakaa kwenye kiti cha plastiki nazomea timu yangu mwenyewe. Siku nyingine niliitika nikatoka mbio nikatapika kwenye ndoo ya mfagizi. Lakini niliitika kwanza.

Wiki iliyofuata dozi ya tatu, Jumamosi asubuhi, niliamka meno yanagongana. Tulikuwa tumeonywa kwamba homa katikati ya dozi si ya kusubiri. Atieno alikuwa zamu. Jirani wa mlango wa pili ndiye aliyeita gari la wagonjwa, na mie wakati huo hata jina langu nilikuwa sijui. Nilibebwa. Jirani akampigia Atieno akamwambia alichokiona: amebebwa, hasemi. Atieno akapiga hospitali, wakamwambia habari za mgonjwa hupewa ndugu. Basi yule mtu wa orodha akadhani wanamficha msiba, akafanya alichojua kufanya.

Jumapili asubuhi homa ilikuwa imeshuka. Nimekaa kitandani na bakuli la jeli ya stroberi, kitu cha kwanza kilichopita kooni kwa siku mbili, simu ikalia. Nimeongezwa kwenye grupu. Jina la grupu: KUMSAFIRISHA MWANAHAWA.

Wale wa kwetu mnajua maana yake. Huku ughaibuni mtu akifa, grupu linafunguliwa siku hiyo hiyo, watu wanagawana kazi, nani afuate makaratasi, nani azungumze na ubalozi, nani asindikize mwili. Atieno alichukua namba zote kwenye orodha ya timu, akaziingiza moja moja kwa mkono wake mwenyewe. Orodha ya timu ina majina manane. La nane ni langu.

Nilisoma saa nzima kimyakimya. Nilikuwa najadiliwa. Mmoja aliuliza nilikuwa wa Tanga mjini au wa kijijini. Mwingine akasema nilikuwa mkali lakini nilikuwa na roho nzuri, na huyo tulikuwa hatusalimiani tangu mechi ya pili. Nakato, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, aliuliza kama jezi namba moja nitaondoka nayo au itabaki kwa timu. Kha! Mie huyo, na kijiko mdomoni. Nilicheka mpaka mrija ukauma, kisha nikalia, kisha nikapandwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nizaliwe. Nikaandika:

"Asalaam aleikum. Mimi ndiye mnayemsafirisha. Nakula jeli. Ijumaa nipo ukumbini. Na jezi ni yangu."

Halafu nikaona mmoja ameondoka. Wa pili ameondoka. Nikaandika tena: "Asitoke mtu. Aliyetoka arudishwe." Wakarudishwa.

Ningecheka nikaishia hapo, ila nilipopitisha macho kwenye namba nikakuta moja ya Tanzania. Rajabu. Atieno alimuingiza ili familia ijiandae. Nikampigia kaka hakupokea, nikampigia wifi, mkewe. Alipokea, na nyuma yake nikasikia watu. Nikasikia mikeka inakung'utwa vumbi. Nikasikia shangazi yangu Bi Mosi, ambaye tangu nimefika Doha hajawahi kuniuliza hali, analia kwa kunisifia. Nikamwambia wifi ampe mama simu. Alipiga yowe akaiangusha. Iliokotwa na mama mwenyewe.

"Nani?" mama akauliza.

"Mie, mama. Mwanahawa."

Nyuma yake nikasikia kilio kinakatika kidogokidogo, chumba baada ya chumba. Kisha akasema, "Mwanangu, usinifanyie tena hivi. Rudi nikuuguze. Kama ni kufa, ufe nakuona."

Nilimwambia nitampigia. Wali ulikuwa umeshaiva, watu wakala, wakatawanyika. Ndiyo, mie ni mtu ambaye wali wa msiba wangu umeshaliwa, na wanasema ulikuwa mtamu.

Atieno alikuja mchana ule akiwa bado na sare za kazi. Alisimama miguuni mwa kitanda, hakukaa. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumsaga. Lakini sijawahi kumwona Atieno bila orodha, na siku ile hakuwa nayo, mikono ilikuwa mitupu. Akaniambia kitu ambacho miaka yote ya kulala chumba kimoja hakuwa amekisema. Kwenye kazi yake ya kwanza huku alikuwa na rafiki, Mkenya mwenziwe, aliugua akafa, na hakuna aliyefuata makaratasi kwa sababu kila mtu alidhani mwenzake anafuata. Mwili ulikaa wiki nyingi. Mama wa yule msichana alikuwa anampigia Atieno kila asubuhi kumuuliza amefika wapi.

"Niliapa sitaki kuona hiyo kitu tena," akasema. "Hawa, enda nyumbani. Enda ukiwa unatembea. Nimeongea na Rajabu."

"Nikienda mnabaki saba."

"Basi tubaki saba. Wacha timu ife. Mimi ndiye niliianza, mimi ndiye nitaimaliza. Timu si kitu."

Alikuwa ameniondolea kisingizio changu mkononi. Timu ile aliipenda kuliko usingizi, na alikuwa tayari kuizika ili mie nipande ndege kwa miguu yangu. Sikuwa na pa kujificha tena. Ikabidi niseme lile la kweli.

"Sibaki kwa ajili ya timu," nikamwambia. "Naogopa. Nikienda nyumbani nitalazwa sebuleni watu waningoje. Huku kila Ijumaa kuna mtu ananiita jina na anataka niitike. Kwingine kote wananisemea. Mmeshaanza hata nyie. Mlikuwa mnanisemea tangu asubuhi."

Akakaa sasa. Akalia, na Atieno akilia ni kama anakohoa. Nikamwambia nataka kitu kimoja kutoka kwake: anisaidie kubaki mpaka dozi ya sita na kisu, na nikishindwa, nikifa kweli, basi grupu lipo, alifanyie kazi, na sitamlaumu. Lakini kabla ya hapo mtu asiniweke kwenye wakati uliopita. Alifuta uso kwa mkono wa sare. Akauliza kama jeli imebaki.

Nilimpigia mama jioni, yeye Atieno akiwa pembeni. Nikamwambia mama, sirudi sasa, nakuomba radhi, nakuomba na dua. Akasema amesikia. Sikujua kama amekubali au amekasirika. Nilijua baada ya wiki mbili, alipofika mtu wa Tanga na kifurushi: ubuyu, mkali, umeloa pilipili, mfuko mzima, na kikaratasi kilichoandikwa na Rajabu kwa amri yake, kwamba mama anasema umumunye ukiwa huko huko. Ilikuwa ladha ya kwanza kunirudia. Maji yaliendelea kuwa misumari, ila ubuyu ulikuwa ubuyu.

Alhamisi niliruhusiwa. Ijumaa nilisimama kwenye mstari, Atieno amenishika kiuno kwa nyuma ili refa asione ninavyoyumba. Refa aliita majina saba. Alipofika la nane akanitazama kwanza, kisha akalisoma. Nikaitika kwa sauti iliyonishangaza mwenyewe. Tulifungwa saba kwa moja, na lile moja wenzetu walijifunga wenyewe.

Ramadhani ligi ilisimama. Sikufunga, na nilijificha kula kama mwizi, ingawa mgonjwa ana ruhusa na naijua ruhusa hiyo kwa moyo. Atieno, Mkristo wa Kisumu, ndiye aliyekuwa ananisimamia na bakuli la uji mchana. Mgonjwa haulizwi uji, nilimfundisha methali hiyo, nikaijutia, maana tangu siku ile hakuniuliza tena, alikuwa anautia tu. Baada ya Idi ligi ikarudi. Tulishinda mechi mbili msimu mzima, zote kwa miguu ya Nakato, na tukashika mkia. Mie niliitika Ijumaa zote. Hakuna hata moja ambayo Chachandu ilifungwa kwa sababu ya jina langu.

Upasuaji ulikuwa joto lilipoanza. Niliamka upande wa kushoto ni tambarare. Nitakwambia ukweli, sikulia siku ile. Nililia wiki mbili baadaye, nikiwa nakunja foronya, mkono ukagoma kupanda. Mkono wa kipa. Nesi wa mazoezi, Mfilipino mdogo asiye na huruma, alikuwa ananitembeza vidole ukutani kama buibui, juu, juu tena, analia na mie huku hapunguzi. Ukifika hatua hiyo, panda ukuta. Wataalamu watakueleza kwa nini. Mie nakwambia panda tu. Miale ilinikuta katikati ya kiangazi, kila siku, ngozi ikaiva kama nimeegemea sufuria, na nje hewa yenyewe ilikuwa ya moto, nikawa sijui ni ipi inayonichoma.

Timu ilikufa kiangazi kile kile. Haikuuawa na ugonjwa wangu, niandike hivyo kwa herufi kubwa kama ningeweza. Ukumbi ulifungwa, ligi yenyewe haikurudi, na watu wa huku ni watu wa mikataba. Nyumba aliyofanya kazi Nakato ilihama nchi, naye akarudi Uganda. Mmoja baada ya mmoja waliondoka. Na kwa kuwa mie nilikuwa kwenye likizo ya ugonjwa, ndiye niliyekuwa na nafasi ya kuwapeleka uwanja wa ndege. Grupu lilikuwepo, jina lake lile lile, tukalitumia: nani anaondoka, ndege saa ngapi, nani ana mizigo. Niliwasindikiza wote, na wote walikuwa wanatembea.

Wa mwisho alikuwa Atieno. Mkataba wake uliisha, akaamua imetosha. Nilimsukumia toroli kwa mkono wa kushoto makusudi, ili aone. Pale mlangoni ambapo asiyesafiri haruhusiwi kupita, alinishika akaniambia nifute lile grupu, linamtia aibu kila akiliona.

"Silifuti," nikasema.

"Nilifungua nikusafirishe wewe."

"Na mimi nimewasafirisha nyie nyote. Nenda."

Aliingia. Hakugeuka, Atieno hageuki. Nilirudi chumbani, kitanda chake kimetandikwa vizuri, juu yake ameacha jezi yangu namba moja ameipiga pasi. Usiku ule sikuweza kula. Nilikuwa nimeshinda kila mtu aliyetaka niondoke, na sasa nilikuwa peke yangu, na sitakudanganya kwamba lilikuwa jambo dogo.

Mwezi uliopita nilikwenda kuchukua majibu ya vipimo vya mwaka. Viti vya bluu, runinga bubu, watu wanapika. Mlango ukafunguliwa, nesi akatoka na faili akaita jina langu. Nilisimama nikaitika kama pale Al Thumama, "Nipo!" Chumba kizima kikageuka. Mama mmoja aliyefunga kitambaa kichwani, mgeni, macho bado ya wiki ya kwanza, alinitazama kama nimetukana, kisha akacheka.

Daktari alisogeza kiti chake upande wangu wa meza, kama siku ile ya kwanza, nikashika ukingo wa kiti. Akasema hakuna kitu. Nirudi baada ya miezi sita.

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za nje, juani, nikafungua grupu lililofunguliwa kunisafirisha. Nikaandika neno moja tu: "Nipo."

Atieno alikuwa wa kwanza, kutoka Kisumu. "Nipo." Kisha Nakato, Kampala. Kisha mmoja baada ya mmoja, wengine walichukua mpaka alasiri kwa sababu ya kazi. Nilikaa na simu mkononi nikihesabu majina. Tulitimia nane.